Mlio wa Ndoo

Jotham hakuwa na cheti cha kutunza wanyama. Hakuwa na gari, wala chumba cha kulala peke yake. Hakuwa na ndugu Dubai, wala namba ya simu ya tajiri wake. Na Jumatatu ile hakuwa na ujasiri, na hilo ndilo lililomtesa kuliko yote.

Alitunza kangaruu katika bustani ya wanyama ya madam Maha, nje kidogo ya Silicon Oasis. Asubuhi hiyo kunguru walikishukia chakula. Jotham, mtoto wa wakulima wa mahindi, alifanya kile alichozoea tangu utotoni kufukuza ndege shambani: alitwaa ndoo ya bati akaipiga kwa fimbo. Kunguru wakatawanyika. Lakini kangaruu jike naye akashtuka, akaruka mbio hadi mwisho wa ua, na mtoto wake akachomoka kwenye mfuko wa tumbo akaanguka mchangani.

Msimamizi, Saif, alifika ndoo ikiwa imeshawekwa chini.

"Mama gani huyu anamtupa mwanawe? Wallahi hata paka ana haya! Khalas, yamekwisha! Alhamisi gari linakuja, auzwe."

Jotham aliinama akamwokota mtoto, bila kuitaja ndoo.

Kwa kuwa jike alikuwa bado na hofu, hakaribiki, akamkimbiza mtoto kwa Bi Tufaha, mzaliwa wa Unguja aliyeuza chai langoni na kuishi Dubai tangu ujana wake.

"Ewe Jotham, waniletea sungura?"

"Mtoto wa kangaruu, mama. Anatetemeka."

Bi Tufaha alimfunga mgongoni kwa mbeleko, kama alivyowabeba wanawe saba. Mtoto akarusha mateke, akamkwaruza, akazidi kutetemeka.

"Loo! Saba wote hakuna aliyenikataa mgongo!"

"Huyu si wa mgongoni, mama. Kwao mtoto hukaa mbele, gizani, kwenye joto la tumbo. Nimesoma."

Basi Bi Tufaha akachukua foronya, akaishonea kitambaa laini ndani na mkanda wa shingoni. Jotham alipoivaa kifuani, mtoto alitumbukia kichwa mbele, akajigeuza, akatulia tuli.

"Kumbe wajua mambo! Nani kakusomesha?"

"Vitabu tu, mama. Siku za mapumziko."

Jumanne alimpeleka uani. Kangaruu jike alikuja taratibu, akanusa ile foronya, akatoa sauti ndogo ya kugonga ulimi. Mtoto akatoa kichwa, na mama akamlamba masikio.

"Usimzoee," Saif alimwambia akipita. "Alhamisi haiko mbali."

Alasiri Bi Tufaha alimmiminia chai, akauliza, "Hivi mama anayempenda mwanawe hivyo alimtupa kwa nini?"

Jotham aliangalia kikombe. Kisha akamweleza yote, kunguru na ndoo.

"Basi mwenye kosa anakunywa chai yangu," alisema Bi Tufaha, "na asiye na kosa atapakiwa garini."

"Nikisema nitarudishwa Kenya, mama. Mke wangu Lois na watoto watakula nini?"

"Sijakwambia useme, mwanangu. Nimesema nilichokiona."

Chai ikapoa bila kunywewa.

Jumatano asubuhi, Jotham aliketi juu ya gunia la chakula cha kangaruu, akaandika kwa kalamu ya wino. Aliandika kwa Kiswahili, kwa kuwa madam Maha alilelewa na bibi yake aliyetoka Unguja na alijivunia kukisoma.

"Madam, kangaruu huyu hakumtupa mwanawe. Mimi nilipiga ndoo, akaogopa. Bwana Saif hakujua, nami nilinyamaza. Ikiwa lazima mmoja aondoke Alhamisi, naomba niwe mimi. Lakini mtoto arudishwe kwa mama yake. Bado anamtambua."

Akaisoma mara mbili. Alisahihisha neno moja tu.

Twaibu, dereva wa madam, Mganda mcheshi, alikuwa ameshawasha gari.

"Barua? Zama hizi, ndugu yangu? Si umtumie ujumbe?"

"Namba yake sina. Na ujumbe ningeweza kuufuta."

Twaibu akacheka, kisha akamtazama usoni akaacha kucheka. "Nitampa mkononi. Saif hataiona."

Kifuani, mtoto alijinyoosha mara moja akalala tena. Jotham alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba toka pembe hadi pembe, akaipitisha dirishani. Gari likatoka langoni, likashika njia ya Al Mankhool, nyumbani kwa madam Maha.