Muulize Kama Hita Ilitoa Joto

Meno manne ya kwanza ya Jovitha yaliota juu ya kipande cha gari. Kilikuwa kidude cha shaba chenye springi katikati, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya chai, na baba yake alikichemsha mara mbili kukitoa mafuta kabla ya kumpa. Mama yake, Odilia, alimnunulia mwanasesere. Mtoto alimtupa mwanasesere chini ya kitanda akarudia shaba yake.

Kidude hicho huitwa themostati, na kazi yake ni kama ya bawabu. Injini ikiwa baridi, hufunga njia ya maji ili ipate moto upesi. Ikishapata moto, hufungua. Mafundi wa kwetu hawana subira na bawabu huyo. Gari likichemsha tu, humng'oa wakamtupa, maji yazunguke yatakavyo, na kwa jua letu hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Ndivyo alivyofanya Revocatus, mume wa Odilia, mwezi wa nane mwaka 2007, hapo Sanyuanli, huko Uchina, kwenye gari la tajiri wake. Gari likaacha kuchemsha, tajiri akamgonga bega, na kidude kikaja nyumbani mfukoni.

Tajiri huyo, Laoban Liang, yaani bosi Liang, alikuwa na ghala la injini kuukuu alizozipakia kwenye makontena ya Dar na Mombasa. Gari lake lilikuwa jeusi, refu, lenye viti vya ngozi. Lilishatumika miaka sita mikononi mwa mtu mwingine, lakini hilo hakulisema kwa wageni. Mafundi wake wawili walikuwa Watanzania: Revocatus wa Muleba na Ahmada wa Wete. Viza zao zote zilikuwa zinaisha mwezi wa tatu. Liang akawaambia ataandika barua moja ya kuombea kibali cha kazi. Moja tu. Aliwaambia wakiwa pamoja, huku akichokonoa meno, kama mtu anayewatupia mbwa wawili mfupa mmoja apate kutazama.

Odilia ndiye aliyeitafsiri kauli hiyo. Alikuwa chuoni kwa ufadhili, akisomea uhandisi wa mitambo, amebakiza miaka miwili, na Kichina alikisomea madarasa ya jioni, mtoto mgongoni. Alijua maana ya barua ile kuliko wanaume wale wawili. Ufadhili humlea mwanafunzi, haumlei mtoto. Pasipo barua, Revocatus angerudi Muleba, na Jovitha angerudi naye, na mama mtu angebaki na picha.

Januari, Liang akatangaza kwamba atakwenda kwao Hunan kwa gari, yeye na mama yake mzazi, kula mwaka mpya wa Kichina. Ahmada akapewa kazi ya kuliandaa gari kwa baridi. Akamwaga oili nzito ya joto, akatia nyepesi ya baridi. Akabadilisha bomba la kupumulia, lile linalotoa mvuke ndani ya injini, na bomba jipya akalivisha sponji kama mtoto mchanga.

"Injini nayo inavuta pumzi, shemeji," alimwambia Odilia alipopita na chakula cha mumewe. "Mvuke ukigandia humo puani, itapasuka wallahi."

Usiku huo Odilia alimuuliza mumewe, "Kile kidude umekirudisha?"

"Nikirudishe saa ngapi? Ahmada kutwa kichwa chake kiko ndani ya boneti. Akiona pale patupu, atakwenda kuniuza."

"Hunan kuna barafu, baba Jovi."

"Barafu ya kwenye televisheni hiyo." Akamnyanyua mtoto juu, mtoto akacheka na kidude mdomoni. "Unaitaka barua au huitaki?"

Odilia akaenda kuosha vyombo.

Mwaka ule barafu ilishuka kusini hata wenyeji wakashangaa. Magari yalipanga foleni barabarani yasisogee, na la Liang katikati yao. Injini isiyo na bawabu haikupata moto hata mara moja. Mvuke wake ukageuka maji, maji yakachanganyika na oili yakawa meupe mithili ya uji uliolala, na uji huo ukagandia ndani ya bomba la kupumulia, sponji na yote. Pumzi ilipokosa pa kutokea ikaisukuma oili nje, kwenye tundu la kupimia na kwenye kila sili ya mpira. Gari likafa. Liang na mama yake wakakaa humo siku mbili. Bibi alikuwa na miaka sabini na sita. Hospitali ilimkata vidole vitatu vya mguu.

Sikukuu zilipokwisha, gari lilirudi ghalani juu ya lori, na Odilia akaitwa kutafsiri. Liang alifungua kifuniko cha oili, akachovya vidole viwili, na ule uji mweupe akampaka Ahmada usoni, kuanzia paji mpaka kidevuni, polepole, kama anayepaka rangi ukuta.

"Anauliza umemtilia nini," Odilia alisema.

"Oili ya baridi, shemeji. Kopo lile pale. Mwambie alisome."

Liang alilipiga kopo teke likabingirika hadi miguuni pa Revocatus. Ahmada hakujifuta. Aliutazama uji uliokuwa ukimdondokea kifuani, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Alikuwa fundi hata wakati huo.

"Haya ni maji ya mvuke," akasema. "Injini hii haikupata moto. Shemeji, niulizie neno moja tu. Muulize kama hita ilitoa joto."

Revocatus aliacha kufuta spana.

Odilia aliyajua hayo darasani na aliyajua nyumbani. Hita huchota joto kwenye maji ya injini. Kama ilipuliza baridi, injini haikupata moto. Kama haikupata moto, Ahmada angefungua pale panapokaa bawabu na kukuta tundu. Na aliyewahi kufungua pale alikuwa mmoja.

Akamgeukia Liang na kumwambia kwa Kichina, "Anauliza, mama hajambo?"

Mishipa ilimtoka Liang shingoni. "Mama! Mwambie vidole vitatu! Mwambie hita yake ilimpulizia mama yangu miguuni pumzi ya maiti usiku kucha!"

"Anasema hita ilitoa joto," Odilia akasema kwa Kiswahili. "Joto jingi."

Kofi la Liang lilisikika hadi barabarani. Ahmada akayumba, akashika mlango wa gari, na Liang akamtoa mkono ule mlangoni kidole kimoja kimoja. Asiguse tena. Jumatatu aondoke.

"Joto jingi," Ahmada alirudia peke yake. "Basi ni mimi. Pengine lile bomba nililikunja."

Barua ya Revocatus iligongwa muhuri wiki ile ile.

Jumapili jioni mlango uligongwa. Odilia alichungulia tunduni, akarudi mbio, akampokonya mtoto kidude akakifunika kwa sufuria ya wali. Jovitha akapiga ukelele.

Ahmada aliingia na mfuko mmoja wa safari na furushi la kanga kuukuu. Shavu bado lilikuwa limevimba.

"Kaka Revo hayupo? Basi mpe hizi spana zangu. Ndegeni watanitoza uzito, na yeye ndiye atakayebaki na kazi."

"Asante, shemeji."

"Nina haja moja." Akatoa daftari. "Wewe umesoma. Niandikie nilipokosea, nisije nikamuumiza mzee mwingine huko kwetu. Nimewaza siku tano, sipaoni."

Mtoto alikuwa akipiga kelele, anaitambalia sufuria. Odilia alimbeba, akamkaza kiunoni, akaandika kwa mkono wa kulia. Aliandika kwa mwandiko mzuri, wa darasani, kwamba bomba la kupumulia likivikwa sponji vibaya hukunjika na kuziba. Akachora na mchoro.

Ahmada aliyasoma maandishi neno kwa neno, midomo ikicheza. "Kumbe ile sponji," akasema. "Na mimi niliona ndiyo huruma." Akalifunga daftari. "Mungu akuweke, shemeji. Elimu kitu kizuri. Lakini mpe mtoto anachokitaka, atapasuka kifua."

"Hajui anachotaka."

Walikaa ghorofa ya sita. Odilia alisimama nyuma ya mlango akizihesabu nyayo zake ngazini, na mtoto akimlilia sikioni, hadi mlango wa chini ulipojibamiza. Hapo ndipo alipofunua sufuria. Jovitha alikidaka kidude kwa mikono miwili, akakitia mdomoni na kukitafuna kwa kwikwi, akimtazama mama yake.