Nyumba ya Clive Machin Ilivyopanda

Jumamosi moja ya Oktoba, saa mbili asubuhi, Clive Machin alikuwa jikoni kwake, namba kumi na tisa, Mtaa wa Saggar, Burslem, Uingereza, akikaanga bekoni ya kuweka kwenye chapati za unga wa oti. Binti yake Keeley, miaka kumi na saba, alikuwa mezani na kompyuta, anajaza fomu ya chuo cha Marekani. Akasoma swali kwa sauti: "Tueleze ni kitu gani kinakufanya uwe mtu wa pekee kuliko wenzako."

Clive alizima jiko. Akafunga dirisha kwanza, majirani wasisikie, ndipo akageuka.

"Wameuliza hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, baba."

"Wanakuuliza wewe mwenyewe? Siyo mwalimu?"

"Mimi mwenyewe. Maneno mia sita na hamsini."

Clive akavuta kiti akakaa, bekoni ikapoa kwenye kikaango. Alishtuka, na sisi tuliposimuliwa tulishtuka vilevile. Kuna maswali ambayo mtu mwenye heshima zake hamuulizi mtoto wa mwenzake.

Mtaani kwetu mtu akisifiwa huinuka. Sifa iwe ya mdomo au ya barua, isomwe hapa au ng'ambo, yeye anaachana na ardhi hapo alipo. Kwenye harusi ya Bi Maureen Bloor wa namba ishirini, mpambe alikunywa akamsifu bwana harusi kupita kiasi, ikabidi bwana harusi ateremshwe kutoka kwenye taa ya ukumbi kwa ile fimbo ya kufungulia madirisha. Kwenye mazishi tunasema marehemu alikuwa hachelewi kazini, tunaishia hapo, kwa sababu jeneza likianza kupanda wabebaji wanapata taabu. Ndiyo maana huku mtu akipika chakula kitamu anaambiwa "si mbaya," na akifanya maajabu anaambiwa "si mbaya hata kidogo." Wageni wanadhani tuna roho ya kwa nini. Tunachunga dari tu.

Keeley alitaka Marekani kwa sababu mbili. Ya kwanza alimwambia kila mtu. Huku kwetu unalazimika kuchagua somo moja kabla hujajijua, na yeye alitaka kemia ya udongo na pia nyota. Chuo cha Wendham, huko Ohio, kilikuwa kinaruhusu vyote viwili, na kikimpenda mtu kinamlipia kila kitu. Sababu ya pili alimwambia Bi Maureen peke yake: akienda, hakuwa na mpango wa kurudi. Alitaka kazi huko, nyumba huko, uzee huko.

"Na baba yako?" Bi Maureen aliuliza.

"Baba atazoea."

Bi Maureen alimtazama kwa muda, akamwambia anywe chai yake. Mama yake Keeley alikuwa amehamia Telford na fundi wa mazulia miaka sita nyuma, na Clive alikuwa bado anapanga vikombe vitatu mezani siku ambazo amechoka. Kazi yake ilikuwa kiwandani, kuchovya vikombe kwenye maji ya kung'arishia kabla havijaingia tanuri. Hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika, wala akisema kitu kingine chochote cha maana.

Barua ya kwanza ya sifa ambayo chuo kilitaka iliandikwa na Mwalimu Tunnicliffe wa kemia. Aliandika hivi: "Keeley ni mwanafunzi wa kutegemewa. Kazi zake ziko sawa. Sina malalamiko." Katika miaka ishirini na miwili ya kufundisha hakuwa amemwandikia mtu maneno ya moto namna ile, na alipoituma uso ulimwiva. Baada ya wiki moja chuo kilimjibu kwa upole, kikimwomba aeleze kwa siri binti huyu alifanya kosa gani.

Mwalimu alikuja mwenyewe namba kumi na tisa, kofia mkononi, na jibu lile la chuo.

"Nimemharibia mtoto," alimwambia Clive. "Bwana Machin, nilidhani nimevuka mpaka. Kumbe kule nimemtukana."

"Sasa wanataka nini?"

"Wanataka niseme ni bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha."

Clive akahakikisha dirisha limefungwa. Akauliza, "Ni kweli?"

Mwalimu akaangalia zulia. "Ni kweli," alisema, na humo humo chumbani Keeley akapanda kiasi cha shubiri moja, akashika mgongo wa kochi.

Barua ya pili ilitumwa Jumanne saa kumi jioni, ikamkuta Keeley kituo cha basi. Waliokuwa kwenye foleni walimshika mkanda wa koti wakaendelea kusubiri basi. Insha yake mwenyewe ilikuwa kazi kubwa zaidi. Kila akiandika sentensi ya kujisifu alikwea mpaka mgongo unagusa dari, kalamu inaanguka, Clive anamvuta chini kwa kamba ya kuanikia nguo aliyomfunga kifundoni. Bi Maureen alikuwa anakuja baada ya chakula cha mchana kusaidia kumshusha, maana mtu aliyepandishwa na sifa hushuka akiambiwa kasoro zake.

"Nywele zako hizo ni za kusugulia masufuria," alikuwa anasema, na Keeley anashuka inchi tano. "Na kuimba hujui. Tulikuvumilia tu ile Krismasi."

"Asante, Bi Maureen."

"Miguu imefika?"

"Bado kidogo."

"Una roho ya kukimbia, kama mama yako."

Hapo alishuka kwa kishindo. 

Machi chuo kikamkubali, gharama zote juu yao. Clive aliisoma barua mara tatu, akaikunja, akasema, "Haya." Akaenda nje kupanga mapipa ya taka, ingawa haikuwa siku ya mapipa.

Ikabaki viza. Juni Keeley alipanda treni kwenda London, akasimama kwenye foleni ya ubalozi wa Marekani, akafika dirishani kwa kijana mpole mwenye meno mazuri. Sheria yao inataka kila mwanafunzi achukuliwe kwamba anakwenda kuhamia moja kwa moja mpaka aonyeshe vinginevyo. Kijana alimuuliza swali moja tu: "Nyumbani una nini cha kukufanya urudi?"

"Hakuna kikubwa," alisema Keeley. "Baba yangu tu, na kijumba chetu."

Hivyo ndivyo yeyote kati yetu angejibu, na angekuwa amesema kila alicho nacho duniani. Mtu wa mtaani kwetu akisema "kijumba chetu," jirani anajua hapo kuna mambo ya kutoa machozi. Kijana wa dirishani aliandika kwamba mwombaji hana kitu cha kumrudisha, akampa karatasi ya kukataliwa, akamtakia siku njema. Haikuchukua dakika tatu.

Keeley alikaa kwenye ngazi za nje. Kilichomuumiza ni kwamba hakuwa amemdanganya yule kijana. Alikuwa amekuja na uongo mmoja kifuani, kwamba atarudi, na hata hawakufika huko. Walimkatalia kwa lile la kweli.

Aliruhusiwa kuomba tena, na safari hii Mwalimu Tunnicliffe alimfanyisha mazoezi darasani, milango imefungwa, wakisifu nyumba na baba wa kubuni. Wiki tatu baadaye alirudi kwenye dirisha lile lile. Saa nne na dakika arobaini asubuhi alisema kwamba katika Uingereza nzima hakuna nyumba kama namba kumi na tisa, Mtaa wa Saggar. Akasema baba yake ndiye mtu bora kuliko wote anaowajua, na siku hajaisikia birika ya baba yake saa kumi na moja alfajiri hajioni kama ameishi. Akaapa atarudi siku ya pili baada ya mahafali. Kijana alifuta macho, akagonga muhuri.

Saa nne na dakika arobaini, Burslem, namba kumi na tisa ilijing'oa katikati ya namba kumi na saba na ishirini na moja, ikapanda. Ilikwenda taratibu, matofali machache yakaanguka, bomba la maji likakatika, na ikasimama kwenye usawa wa taa za barabarani. Clive alikuwa ndani, siku yake ya mapumziko. Tulisikia kichwa chake kikigonga dari.

Bi Maureen alitoka na taulo kichwani. "Clive! Uko salama?"

"Nimeinuka," Clive alijibu kutoka juu, sauti yake ngeni kabisa. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na hajawahi kuachana na sakafu hata siku moja. "Maureen, kuna mtu amesema kitu juu yangu."

"Wewe ni bahili wa maneno na supu yako haina chumvi."

Alishuka kidogo. Ilibidi aambiwe mengi, na alipofika sakafuni alikaa chini, mgongo ukutani, akalia. Wakati huo tulikuwa tumeshaleta ngazi, tukamwona dirishani. 

Nyumba yenyewe ilikataa. Mtaa mzima tulisimama chini tukaiponda kwa zamu: paa linavuja, choo ni cha zamani, jikoni hapageuziki. Haikushuka hata inchi. Alichosifu Keeley hakikuwa paa. Alikuwa ameapa kurudi, na kiapo kile ni yeye tu angeweza kukitengua. Mtu wa manispaa alikuja, akapima kimo, akaandika kwamba nyumba inakaliwa, akashauri ngazi ya vidato kumi na moja na kamba ya kujishikia. Namba kumi na saba walilalamikia upepo, wakawekewa turubai.

Keeley alifika jioni, akasimama chini na mkoba begani.

"Umewaambia nini huko?" Clive aliuliza kutoka mlangoni.

"Nimejibu maswali yao tu, baba."

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Panda basi, chakula kinapoa."

Wiki saba waliishi juu hivyo hivyo. Clive alikuwa na furaha, na ninasema hivyo nikijua uzito wake. Alikuwa anashuka ngazi asubuhi kwenda kiwandani, anapanda jioni, na mara mbili tulimsikia akipiga mluzi. Alikuwa anaamini kila neno lililoishikilia ile nyumba hewani, bila kuyajua maneno yenyewe.

Siku ya kuondoka, mwisho wa Agosti, teksi ilikuwa inangoja. Keeley alikuwa ameshashuka na sanduku lake. Clive alibaki kizingitini, juu, kwa sababu hakutaka kuagana mbele ya dereva. Halafu, mtu yule ambaye hakuwahi kuuliza kitu, akauliza.

"Keeley. Utarudi?"

Tulikuwa wanne pale barabarani na wote tuliacha kupumua. Akisema hapana, nyumba ingeanguka kutoka kwenye usawa wa taa na baba yake yumo ndani. Akisema ndiyo, ingepanda mahali ambapo hakuna ngazi ya kumfikia. Keeley aliona yote mawili. Uso wake ulibadilika, nami sijawahi kuona mtoto akiogopa namna ile mchana kweupe.

"Nitajaribu, baba," alisema.

Nyumba ilishuka vidato viwili. Vikombe vilianguka rafuni tukavisikia vikivunjika kimoja kimoja. Clive alishika fremu ya mlango mpaka ikatulia, akamtazama binti yake, na hapo akajua kiapo kile kilikuwa na kweli kiasi gani.

"Haya," alisema. "Utachelewa treni."

Tangu hapo watoto watatu wa Burslem wamepita kwenye dirisha lile. Swali halijabadilika. Mwalimu Tunnicliffe anawafundisha cha kusema, na anawaonya wazazi wao wafunge vyombo kabatini.

Keeley alikuwa anapiga simu kila Jumapili, saa tisa alasiri kwa saa za kwetu. Clive alijifunza kuusoma mwendo wa nyumba kwa kumsikiliza. Alipotajiwa profesa aliyempa kazi ya maabara, ilishuka nusu kidato. Alipotajiwa chumba chenye dirisha la mashariki, ikashuka tena. Mwaka wa pili akatajwa kijana aitwaye Garrett, mara ya kwanza kwa kupitia tu, mara ya pili kwa kituo, na Clive akakaa sakafuni kabla hata sentensi haijaisha, ili asije akaanguka. Hakumkatisha hata mara moja. Alikuwa anauliza habari za huyo kijana, anakula nini, ana adabu.

Jumapili moja ya Novemba, mwaka wa tatu, Keeley alisema wamempa nafasi ya kubaki baada ya masomo, kazi ya kudumu, na kwamba anaifikiria. Alikuwa anaongea haraka haraka. Nyumba ilitua katikati ya namba kumi na saba na ishirini na moja bila kelele nyingi, ikakwangua turubai, ikakaa. Bi Maureen alitoka akaona. Alirudi ndani akafunga mlango.

"Baba? Upo?"

"Nipo."

"Unasemaje?"

"Nasema ni kazi nzuri hiyo. Ichukue."

 Keeley akauliza lile alilokuwa hajawahi kuliuliza tangu aondoke. "Na nyumba? Bado iko juu?"

Clive alikuwa amekaa kizingitini, mlango wazi, viatu vyake vimekanyaga lami iliyolowa.

"Iko juu," alisema. "Iko pale pale."