Mama Chuma Ajibu Dodoso

Mashine ya kukamulia ilikufa mwaka jana, na hospitali ikaona hakuna haja ya kuitengeneza maadamu mikono ya watu ipo. Basi mashuka ya wodi yalikamuliwa na madobi wawili wawili, huyu anavuta huku, yule anasokota kule. Mama Chuma alikuwa ameacha kukamua kwa vidole. Alilizungusha shuka mkononi, akalibana kwa kiwiko, akageuza bega. Mwenzake aliona, akavuta zaidi ya sehemu yake.

Vidole vilikuwa vimevimba na kupinda. Baridi yabisi, daktari alisema. Zilikuwepo sindano mpya, za bure lakini chache, na wa kuchomwa ni wale tu ambao dodoso la mradi litaonyesha kwamba ugonjwa umewaharibia maisha. Dodoso lenyewe lilitungwa mbali huko, kwa lugha nyingine. Sasa lilikuwa limetafsiriwa, na wagonjwa wa hospitali hii ndio wa kulijaribia.

"Mama Chuma! Unaitwa kliniki," msimamizi wa madobi alifoka kutoka mlangoni. Walimwita Kipenga, kwa sauti yake hiyo. "Twende, nakusindikiza."

"Njia naijua, bosi."

"Najua unaijua. Ila mikataba ya kazi inasainiwa wiki hii, na mimi sitaki wagonjwa kwenye kikosi changu. Nataka nisikie mwenyewe."

Mama Chuma alifuta mikono kwenye aproni. Mwaka uliopita dobi mmoja alisema mgongo unamuuma, akaambiwa akapumzike. Anapumzika mpaka leo.

Chumbani kulikuwa na meza, rundo la madodoso, na msaili, binti mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, naomba utusubiri nje. Haya ni mambo ya faragha."

"Huyu ni mtu wangu," Kipenga alisema, akajivutia kiti. "Nikitoka mtapiga soga mpaka jioni."

Msaili alitazama mlango, akalitazama rundo. Naye alikuwa kibarua tu. Akavuta dodoso la juu, akaendelea.

"Nikisoma swali, mama, unachagua jibu: bila shida, kwa shida kidogo, kwa shida kubwa, au siwezi. Halafu unanieleza kwa maneno yako swali umelielewaje, ili waliotafsiri wajue kama linaeleweka. Jibu ndilo lenye alama. Maelezo hayana." Akashika kalamu. "Wiki iliyopita, umeweza kuingia kwenye hodhi la kuogea na kutoka?"

"Hodhi nilitoe wapi, mwanangu? Mimi naoga kwa ndoo."

"Siruhusiwi kubadilisha swali, mama. Chagua tu."

"Sasa kama sijaingia, shida nitaipata wapi? Andika bila shida."

Kipenga alicheka kwa sauti. Msaili hakucheka.

"Umeweza kufunga vifungo vya nguo?"

"Bila shida." Asubuhi hiyo alifungwa vifungo na mjukuu wake, kidevu juu, kama mtoto wa chekechea.

"Umeweza kukamua nguo iliyolowa?"

Kipenga aliacha kuchezea simu. Mama Chuma aliitaka ile sindano kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, fupi tu, siwezi, na nyuma ya neno hilo aliwaona wajukuu wamekaa kuzunguka sufuria tupu.

"Bila shida."

Kalamu haikuandika. "Una uhakika, mama?"

"Anakamua kila siku, binti," Kipenga alidakia. "Andika, tuna kazi."

Msaili aliandika. "Na swali umelielewaje, mama?"

Mama Chuma alivuta pumzi.

"Nimelielewa hivi. Wanamuulizia mtu ambaye akiamka vidole havikunjiki mpaka aviloweke kwenye maji ya moto. Kazini anakamua kwa kiwiko, maana viganja vimekataa. Kijiko anakishika kwa ngumi. Usiku analala mikono ikiwa nje, hataki hata shuka liiguse. Anajificha mwenzake asimwone analia. Na akiulizwa hali anajibu hajambo, kwa sababu kuna wanaomtegemea. Mtu wa namna hiyo ndiye wanayemuulizia. Au nimekosea?"

Msaili alitikisa kichwa taratibu: hapana, hajakosea. Kipenga alimkodolea macho dobi wake, lakini hakupata pa kumshika. Hakuna aliyesema hawezi.

Maswali yaliyobaki yalijibiwa harakaharaka, yote bila shida. Msaili akajumlisha.

"Umepata sifuri, mama." Aliizungushia namba hiyo duara. "Sindano ni za wenye alama nyingi."

Kwenye nafasi ya maelezo aliandika kama alivyofundishwa: swali limeeleweka vizuri sana.

"Si nilisema?" Kipenga alisimama akijinyoosha. "Chuma huyu! Haya, twende."

"Mama," msaili aliita. "Huyo mtu uliyenieleza, unamfahamu?"

"Jirani yangu."

"Mwambie aje kesho. Nafasi bado zipo. Mwambie aje peke yake, tafadhali."

Mama Chuma alisukuma mlango kwa kiwiko.

"Hawezi," alisema. "Bosi wake hampi ruhusa."