Wimbo Mpya wa Jirani

Kwa miaka kumi na tisa Afande Besi aliongoza bendi ya polisi, na katika miaka yote hiyo hakutokea mtu wa kumkosoa mbele ya wapigaji wake. Jina la Besi walimpa wao wenyewe kwa ile sauti yake nzito. Akikohoa tu, matarumbeta yananyooka.

Asubuhi hiyo alikuwa jikoni kwake, amevaa suruali ya sherehe yenye mstari mwekundu na fulana ya kulalia, anang'arisha vifungo vya koti huku akivumisha wimbo puani. Mke wa mwanawe alikuwa anammiminia chai, mtoto mgongoni. Mara akaacha kumimina.

"Baba, samahani. Huo wimbo ni wa nini?"

"Wa nini tena? Si wimbo wenu wa taifa! Rais wenu anatua saa nne, nami nampigia."

Mama yule alitoka nchi jirani, na huko kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliolewa wakati nchi hizi mbili zimenuniana. Miaka kumi na mmoja mpaka ulikuwa umefungwa, balozi zimefungwa, mtu akifiwa ng'ambo inabidi azunguke nchi ya tatu ili akazike. Mwaka huu ndio wamepatana. Rais wa jirani alikuwa anakuja kufungua ubalozi wake upya, na mji mzima ulikuwa umefagiliwa.

Mkwe akaweka birika chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Baba, huo wimbo tuliuacha miaka sita iliyopita. Ulikuwa unamsifu yule mtawala wa zamani, aliyefunga mpaka."

"Aa!"

"Na huyu rais anayekuja leo, yule mzee alimweka jela miaka minne."

Kifungo kilimtoka Afande Besi mkononi kikabingirika mpaka chini ya jiko. Hakukiinamia. Alichukua simu akampigia afisa itifaki wa wizara ya mambo ya nje, kijana mmoja aliyekuwa tayari uwanja wa ndege anapima zulia kwa hatua.

"Zile noti za wimbo mlizoniletea mlizitoa wapi?"

"Stoo, afande."

"Stoo ya mwaka gani?"

Ikasikika sauti nyembamba: "Afande, usiniue."

Besi na mkwe walijaribu kuutafuta wimbo mpya kwenye simu. Waliupata umerekodiwa uwanja wa mpira, watu elfu wanapiga kelele, wimbo wenyewe umezama humo ndani. Ubalozi wa kuuliza haukuwepo. Ndio kwanza ulikuwa unakwenda kufunguliwa. Besi akatazama saa ya ukutani. Saa moja na dakika tano.

"Wewe unaujua?" akamuuliza mkwe.

"Baba, nimewafundisha darasa la tatu kila asubuhi miaka miwili. Hata nikiota nauimba."

"Basi imba."

Akaimba, amesimama kando ya sinki. Besi alinyofoa ukurasa wa kalenda, akachora mistari mitano nyuma yake, akaanza kuandika. Ulikuwa wimbo mzuri, akakiri moyoni. Unaanza chini kama mtu anayepiga hodi, kisha unapanda. Alipomaliza ubeti wa kwanza alisema, "Vaa viatu, mwanangu. Twende kazini."

Saa mbili kasoro walikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi. Wapigaji ishirini na wanne walikuwa wameshavaa sare, wanacheka na kupigana vijembe. Besi akawaeleza mambo yalivyo. Vicheko vilikatika. Mpiga tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini kabisa, mtu mnene mwenye utani usiokauka, akainua mkono.

"Afande, si tupige ule wa zamani polepole, wadhani ni mpya?"

"Ukipiga ule wa zamani leo, kesho utapigia tuba yako mpakani, unaelekeza magari."

Mkwe akasimama mbele yao akaimba mara mbili. Besi aligawa sauti papo hapo: klarineti zishike wimbo, tromboni ziufuate kwa chini, tuba itembee. Noti ziliandikwa ubaoni kwa chaki, zikafutwa, zikaandikwa tena. Mtoto mgongoni alikuwa macho, anawakodolea macho wapiga tarumbeta mashavu yao yanapovimba.

Mara ya tatu walipofika katikati, ngoma kubwa ikaingia: dum! Mkwe akainua kiganja.

"Hapana."

Ngoma ile ilikuwa imeandikwa na Afande Besi mwenyewe.

"Baba, hapo hapana kitu. Hapo tunanyamaza kidogo. Tukishasema 'tumefika', tunavuta pumzi, halafu ndiyo tunaendelea."

Watu ishirini na wanne wakatazama buti zao. Mpiga tuba alijificha nyuma ya tuba yake, na kwa unene wake haikuwa kazi ndogo. Besi alimtazama mkwe, akautazama ubao, akachukua kifutio akaifuta ile ngoma.

"Mmemsikia mwalimu," akasema. "Tunavuta pumzi. Mwanzo tena."

Saa nne na robo ndege ilifungua mlango. Rais mgeni alishuka ngazi, mzee mwembamba, uso umekaza, kama mtu anayeingia nyumba aliyowahi kufukuzwa. Mwenyeji wake akampa mkono. Wakasimama kwenye zulia. Besi aliinua fimbo yake.

Klarineti zikapiga hodi.

Uso wa mgeni ulibadilika palepale. Nyuma yake mama mmoja wa ujumbe wao, waziri wa afya, alianza kuimba kwa sauti, hajali itifaki, na wenzake wakamfuata. Walipofika katikati, bendi nzima ikanyamaza pamoja, uwanja wote ukavuta pumzi, kisha vyombo vya shaba vikapanda juu.

Wimbo ulipokwisha, rais mgeni aliliacha zulia akaenda moja kwa moja kwenye bendi. Afisa itifaki alimkimbilia nyuma, karatasi zinapepea.

"Kiongozi, nani kawafundisha? Hapo katikati hata bendi yangu huwa inawahi!"

"Mkwe wangu, mheshimiwa. Mwalimu. Ametoka kwenu."

"Yuko wapi?"

Alikuwa kando ya basi la bendi, analinda masanduku ya vyombo. Aliitwa, akaja na mtoto mgongoni, anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Rais akamwamkia yeye kwanza.

"Mwalimu, wazazi wako wamemwona mjukuu?"

"Bado, mheshimiwa. Njia haikuwepo."

"Sasa ipo. Jumatatu nenda ubalozini. Na huyu baba mkwe naye niletee. Bendi yangu inamhitaji."

Besi alidhani ni maneno ya furaha tu. Kumbe siyo. Miezi miwili baadaye ilikuja barua rasmi: bendi mbili za polisi zitabadilishana wakufunzi, na wa kwanza kwenda ni yeye. Wakavuka mpaka kwa basi, yeye, mwanawe, mkwe na mtoto. Mwanawe alimbeba mtoto na kuzishika pasi zote nne za kusafiria mkononi kama mtu aliyeshinda karata. Nyumbani kwa wakwe walikuta majirani wote wameshajaa uani, na bibi alimchukua mjukuu wala hakumrudisha mpaka jioni.

Kesho yake Besi aliingia kwenye ukumbi wa bendi ya jirani. Kiongozi wao, mwanamke mfupi mwenye medali nyingi, alimkaribisha kiti, akamwambia:

"Nasikia wewe ni bingwa. Mimi tromboni zako nilizisikia kwenye redio. Zilikuwa zimelala."

"Tromboni zangu?"

"Zimelala fofofo, ndugu yangu."

Besi akavua koti, akakunja mikono ya shati. "Haya, lete chaki," akasema, na wakaanza kubishana kwa raha mpaka wakasahau chakula cha mchana.