Kidonda cha Mkwangua Ngozi

Bushta alikuwa mbishi tangu utoto, na safari hii ubishi ulikuwa umemfika mguuni. Kisu kipana cha kukwangulia ngozi kilimteleza kikamchana muundi, na kidonda kikakataa katakata kufunga. Daktari wa hospitali alimwambia bila kumung'unya maneno: uozo ukifika kwenye mfupa, mguu unakatwa. Mtu wa madimbwi ya kutengenezea ngozi mjini Fes, Moroko, bila mguu, atafanya nini? Hata kumuuliza ni kumtukana.

Kila asubuhi alijikongoja hadi zahanati ya mtaani, nesi Batul akamsafisha na kumfunga upya. Kila akifungua bandeji, alikuta kidonda kibichi kama cha jana.

"Ami Bushta, sukari huna, damu yako nzuri. Unakifanyia nini hiki ukifika nyumbani?"

"Mimi? Nakunywa chai yangu, nalala."

Mkewe Menana, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu cha mboga, alishindwa kuvumilia. "Muongo! Anafungua bandeji yako, anakikwangua mpaka damu itoke, halafu anapaka shabu na unga wa maganda ya komamanga! Nimesema mpaka nimechoka."

"Menana!"

"Menana nini? Ukikatwa mguu, nani atakubeba kwenye zile ngazi zetu? Mimi?"

Bushta akajitetea. Tangu hajaota ndevu kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: ngozi ya mbuzi ikitoka kwenye chokaa, unaondoa nyama yote upande wa ndani, kwa sababu nyama ikibaki ngozi itaoza. Kisha shabu na maganda ya komamanga vinaikaza. Nusu ya Fes ilitembea na viatu vya ngozi zilizopita mikononi mwake.

"Naona nyama inaota humo ndani, vipunje vyekundu. Niiache ioze?"

Batul alianza kucheka, akaona si jambo la kuchekwa. "Ami, ngozi unayoijua wewe imekufa. Hii iko hai. Hivyo vipunje ndiyo nyama mpya yenyewe. Kila kimoja kina mshipa wake mdogo wa damu, umeota juzijuzi tu, unaleta chakula. Mwili unajenga kutoka chini, na wewe kila siku unabomoa."

Bushta akautazama mguu wake.

"Nani anauambia ujenge?" aliuliza.

"Hakuna. Seli ikikosa mwenzake ubavuni, inasogea, inagawanyika, inaziba pengo." Akamshika kiganja, akabonyeza sugu pale mpini wa kisu ulipozoea kukaa. "Na hii uliiagiza wewe? Mpini ulisumbua, ngozi ikajiongeza. Na paja lako lilivyokonda tangu uache kukanyaga ngozi madimbwini! Mwili umeona halina kazi, umelipunguza. Ukirudi, utalijaza tena."

"Bila kuniuliza?"

"Ungekuuliza, ami, ungebisha."

Menana alicheka mpaka kikapu kikamponyoka.

Bushta aliapa hatakigusa, na kuacha kukigusa kukawa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Mikono ilimwasha. Menana alikificha kisu kwenye pipa la unga, na mumewe alijifanya hajui kilipo. Lakini bandeji ilipofunguliwa zahanatini, aliinama na kutazama. Vipunje vilijaa, vikang'aa, shimo likapungua kina. Kisha asubuhi moja akaona utando mwembamba wa rangi ya waridi ukiingia kutoka ukingoni, pande zote, kuelekea katikati. Hakuna aliyeuvuta. Alipolala, ulisogea. Alipogombana na Menana juu ya chumvi ya supu ya harira, ulisogea. Alijiona mdogo, kama mwenye nyumba aliyegundua kwamba wapo mafundi ndani kwake tangu azaliwe na hajawahi hata kuwasalimu. Alilia pale pale mbele ya nesi, mwanamume mzima na mvi zake, wala hakuona haya.

Siku aliyorudi kazini, mwenzake Ayashi alimtupia ngozi ya mbuzi juu ya gogo la kukwangulia. Bushta akakwangua kwa raha, mpaka kisu kilipokwama mahali pagumu. Akaigeuza. Ubavuni palikuwa na kovu refu. Mbuzi huyo alichanwa na kitu zamani, akapona. Ngozi za namna hiyo Bushta alizilaani maisha yake yote, maana wanunuzi hawazitaki.

"Mbovu hiyo," alisema Ayashi. "Kata hapo, tupa."

Bushta akapitisha kidole gumba juu ya kovu, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Mbuzi wa kuchinjwa tu, na bado mwili wake ulikuwa umehangaika namna hii ili apate siku nyingine za kula majani.

"Sikati."

"Mnunuzi ataikataa, wewe!"

"Na aikatae," alisema Bushta. "Hapa pameshonwa bila sindano, Ayashi. Mimi na wewe hatuwezi."