Rangi Chini ya Bolti

Kebo ya klachi iliniunguza vidole viwili, nami badala ya kupiga yowe nikaangua kicheko. Bwana Tayari, fundi injini wetu, alikuwa amekaa kwenye usukani akizungusha ufunguo kwa amri yangu. Alitoa kichwa dirishani kuona kama nimerukwa na akili.

"Umeungua halafu unacheka?"

"Zungusha tena," nilimwambia.

Akazungusha. Stata, mota inayowasha injini, ikaguna kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, kisha ikanyamaza. Nikaigusa kebo kwa ncha ya kidole. Ilikuwa ya moto kuliko mara ya kwanza. Kebo ya klachi kazi yake ni kuvuta tu; haina sababu yoyote ya kupata moto. Miaka ishirini na mbili imepita tangu asubuhi ile, na mpaka leo sijapata furaha nyingine iliyoanza kwa malengelenge.

Gari lenyewe lilikuwa limenizidi umri. Lilikuwa la nesi mstaafu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuamrisha wagonjwa, aliyeachiwa gari hilo na marehemu mumewe. Alilileta kwetu likiwa limeliwa na kutu lakini linatembea, akasema anataka lirudi lilivyokuwa siku ya harusi yao. Tuliling'oa injini, tukalivua kila kitu mpaka likabaki bodi tupu. Baba yangu akalipaka rangi. Bwana Tayari akarudisha injini. Mimi nikarudisha nyaya, zote, peke yangu, kwa sababu fundi umeme wetu wa zamani alikuwa ameacha kazi macho yalipomsumbua, na meza yake haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila mtu wa kunichungulia begani. Siku ya kuliwasha, gari likakataa.

Gereji ilikuwa ya baba mkubwa, kaka yake baba, mtu wa haki lakini asiye na subira. Siku ya kwanza alinitazama tu. Siku ya pili akauliza. Siku ya tatu akasema mbele ya watu wote, huku akijifuta mikono kwa tambara:

"Binti, umeme si kazi ya kubahatisha. Nesi anakuja kesho saa nane mchana. Likiwaka, meza ni yako. Lisipowaka, naleta fundi kutoka nje, na wewe utakaa dirisha la vipuri utoe nati."

Nililijua dirisha lile. Binamu yangu aliambiwa akae pale kwa muda tu, na huo ulikuwa mwaka wake wa tisa.

Baba alikuwa amesimama palepale. Hakunitetea wala hakunilaumu. Kimya kile kiliniuma kuliko maneno ya kaka yake, maana nimekua nikishika msasa pembeni yake, na kama kuna mtu aliyejua kwamba mimi sifanyi kazi ya kulipua, ni yeye. Nilirudi kwenye gari nikiwa nimemkasirikia.

Nilikuwa nimejaribu kila kitu ambacho mtu hujaribu. Betri niliibadilisha. Stata niliifungua mara mbili, nikaibana mezani na kuipa umeme, ikazunguka kwa raha zake. Nikairudisha kwenye gari, ikaguna. Vichwa vya betri nilivisugua mpaka vikang'aa. Bwana Tayari alidai injini imekaza, akaizungusha kwa spana, ikazunguka laini bila ubishi, akaondoa dai lake. Kabla ya kila jaribio alipiga kelele "tayari!", ndiyo maana tulimwita hivyo, na kila mara hakukuwa na lolote lililokuwa tayari.

Kumbe kitu kimoja kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote hizo. Stata ilipokuwa ikiguna, taa za mbele hazikufifia. Betri ikiwa dhaifu, taa hufifia stata inapoanza kula umeme. Hizi ziliendelea kuwaka kana kwamba hakuna aliyeomba kitu. Maana yake umeme ulikuwapo wa kutosha, ila ulikosa njia ya kwenda au ya kurudi. Wazo hilo lilinijia asubuhi ya siku ya nne nikipiga mswaki, nikafika kazini na povu la dawa kidevuni. Hakuna aliyeniambia mpaka saa nne.

Nikaanza kupapasa. Fundi umeme wa zamani alinifundisha hivyo: ukishindwa kuona, tumia mkono, kwa sababu umeme ukikosa njia yake hupita kwa wizi, na pale unapopita kwa wizi hupata moto. Kwenye gari la aina ile, betri inaungwa na bodi, na kutoka kwenye injini kurudi kwenye bodi kuna waya mmoja mfupi, mpana, wa kusukwa. Tunauita ethi. Ndiyo barabara ya kurudia. Barabara hiyo ikizibwa, umeme wa stata hujipenyeza kwenye kamba yoyote ya chuma inayogusa injini na bodi kwa pamoja. Siku ile ulijipenyeza kwenye kebo ya klachi, na ndiyo sababu nilicheka.

Nikachukua waya wa kubustia, ule mnene tunaochukulia umeme kutoka gari lingine. Ncha moja nikaibana kwenye injini, nyingine kwenye hasi ya betri.

"Zungusha."

Injini iliwaka kabla Bwana Tayari hajamaliza kuzungusha ufunguo. Iliwaka kwa mlio mzito, safi, usio na kikohozi hata kimoja. Bwana Tayari akapiga "tayari!" ya kweli, ya kwanza wiki ile, akaiongezea na honi. Watu wakaacha kazi zao wakaja mbio. Mimi nilikuwa narukaruka bila haya, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, spana mkononi. Baba mkubwa akapenya katikati ya watu.

"Ilikuwa nini?"

"Ethi. Nipe dakika moja nikuonyeshe."

Tukalizima gari. Nikainama ndani ya boneti nikaifungua bolti ya ethi huku natabasamu. Chini yake, palipotakiwa kuwa bati tupu, palikuwa na rangi. Halikuwa tone lililodondoka kwa bahati mbaya. Ilikuwa rangi ya krimu, tabaka tatu, laini sawasawa na ile ya mlangoni. Hata meno ya tundu la bolti yalikuwa yamepakwa. Na rangi haipitishi umeme.

Fundi rangi mwingine yeyote angepuliza juujuu akaenda zake, na gari lingewaka siku ya kwanza. Baba hakuwa mwingine yeyote. Aliondoa kila bolti, akapaka hata mahali ambapo jicho la mtu halingefika mpaka gari life. "Kutu haiji kwa mlango wa mbele," alipenda kutuambia. Na mimi nilipoifunga ile ethi nilipaona pamepakwa, nikapapenda. Nilikaza bolti juu ya kazi ya baba yangu bila kufikiri, kwa kuwa tangu utotoni sikuwahi kukuta kosa lake.

"Eeh?" baba mkubwa alihimiza. "Bolti ililegea? Nani aliifunga?"

Niliifunga mimi. Ningesema ndiyo, ililegea, ningekwangua rangi baadaye kimyakimya na jina la baba lingebaki safi, ila meza ingeenda kwa mtu wa nje. Ningesema kweli, ningemwaibisha mbele ya watu aliowafundisha kazi. Niliitaka ile meza kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na bado nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba ililegea.

"Usijibu hilo, mwanangu."

Baba alikuwa nyuma yangu. Sijui alisimama hapo tangu lini. Aliinama, akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya rangi, taratibu, namna anavyokagua kazi ya mtu mwingine. Kisha akainuka. Mtu asiyepaza sauti hata akikanyagwa, siku ile alisikika mpaka getini.

"Kaka, ni mimi. Nimepaka mahali pa kupita umeme. Mtoto ametafuta kosa langu siku nne akidhani ni lake, na amelipata."

Hakuna aliyecheka. Baba akatoa kipande cha msasa mfukoni, akanipa.

"Kwangua."

"Baba, rangi itaharibika."

"Kwangua mpaka bati lionekane." Akafikiri kidogo. "Na kutu je?"

"Nikishafunga, nazungushia grisi."

Akaitikia kwa kichwa, akabaki pale kunitazama. Mkono wangu ulikuwa mzito mwanzoni, maana sijawahi kuharibu kazi yake hata kwa bahati mbaya. Halafu ukakolea. Rangi ikatoka vumbi, bati likang'aa, duara la ukubwa wa sarafu. Nikasafisha meno ya tundu, nikakaza bolti, nikapaka grisi, nikauondoa waya wa kubustia. Injini ikaitika mara moja. Kebo ya klachi niliishika kwa kiganja kizima, ilikuwa baridi.

Nesi alifika saa nane kasoro dakika chache. Alilizunguka gari lote akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, akaketi, akaliwasha mwenyewe. Alikaa ndani muda mrefu, injini ikinguruma, kisha akanitazama. "Hivihivi," alisema. "Sauti yake ilikuwa hivihivi." Machozi yalimtoka wala hakuyafuta. Baba mkubwa alinipita akielekea ofisini, akanitia ufunguo wa kabati la umeme mkononi bila kupunguza mwendo. Nilijivuna siku ile, sina haja ya kuficha. Nilizunguka gereji nzima nikijifanya natafuta koleo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mezani kwangu, naipenda kila droo, hata ile isiyofunguka. Baba alikuwa na gari jingine limeshavuliwa, likisubiri kupuliziwa. Badala ya kulianza, alikuja akasimama mbele ya meza na chaki mkononi, akangoja nimalize nilichokuwa nafanya, kama wanavyongoja wateja. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona akimuuliza mtu jambo la rangi.

"Fundi," alisema, akaninyooshea ile chaki. "Njoo unionyeshe pa kuacha."