Kitambulisho cha Praxeda

Idara ya Amani ilifunguliwa Pongwe kwa keki na hotuba, kisha ikakaa kimya ikipigwa na feni. Leticia, mkuu wake na mtumishi wake wa pekee, alikuwa na meza, viti vitatu, na muda hadi mwisho wa mwezi. Asiposuluhisha ugomvi hata mmoja, mkurugenzi wa halmashauri alishamwambia, idara inafungwa na yeye anarudi masjala.

Ugomvi haukukosekana. Badru na Idarusi, majirani wa Kibondei, nusura wakatane mapanga kwa sababu ya mkonge wa mpaka uliong'olewa. Leticia aliwaita, hakuja mtu. Akawaita tena, wapi!

Alikuwa Mhaya, mgeni wa pwani, na udadisi wake haukumpa usingizi. Hawa watu wakikosana, hupatana vipi?

Jibu alilikuta msibani. Jeneza linatolewa, mara mama mmoja muuza vitumbua akajilaza mlangoni, akakataa lisipite mpaka apewe chochote, huku akimwita marehemu mlafi aliyemaliza mihogo ya watu. Leticia alijishika mdomo. Ajabu ni kwamba mjane alicheka, na machozi yake mashavuni.

"Huyo Praxeda," jirani akamnong'oneza. "Mnyamwezi. Babu yake aliletwa kukata mkonge. Mtani wetu, akikutukana huna la kufanya."

"Na watu wakigombana?"

"Huwatukana wote mpaka wapatane."

Kumbe! Leticia alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Kesho yake alimwajiri Praxeda, akamvisha fulana ya idara na kitambulisho chenye nembo. "Babu angeniona!" alisema Praxeda, akakipangusa kwa upindo wa kanga.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Badru. "We kichwa maji, mwizi wa mipaka!" Akavuka kwa Idarusi, naye akapewa yake.

Hakucheka mtu. Badru alikitazama kile kitambulisho, akauliza polepole, "Serikali inaniita mwizi?"

Leticia aliposikia, alibaki kujiuliza. Maneno ni yaleyale, mdomo ni uleule. Kimeharibika nini?

Asubuhi iliyofuata wale wawili waliingia ofisini bila hodi. Walikuja kwa bodaboda moja.

"Tumekuja kushitaki," alisema Badru.

"Sote wawili," akadakia Idarusi. "Idara yako imetutukana. Huyu mama aondoke kazini, la sivyo twenda kwa mkuu wa wilaya."

Leticia aliwatazama walivyokaa bega kwa bega. Alimgeukia Praxeda, aliyesimama kando ya meza, na moyo ulimuuma, maana mama wa watu alikuwa anajivunia.

"Mama, nisamehe. Lete kitambulisho."

Praxeda alikivua, akakiweka mezani. Akaivua na fulana juu ya gauni lake, akaikunja. Kisha, akipita kuelekea mlangoni, akamnyakua Badru kofia yake na kuivaa.

"Haya, nishitakini sasa! Mnagombea shamba, Wabondei nyie, na makaburi yenu nani atawachimbia kama si sie? Wallahi nitawafukia shimo moja, mgombanie na mto wa kulalia!"

Mabega ya Idarusi yakaanza kutikisika. Badru aliuma midomo, akajikaza, kicheko kikamshinda.

"Rudisha kofia yangu, we Mnyamwezi!"

"Mkonge kwanza. Mnaupanda wawili, mie nimesimama."

Wakatoka watatu, wakibishana nani abebe jembe. Leticia aliwafuata mpaka shambani, akashuhudia mkonge ukisimama mahali ambapo wote wawili walipakubali, na Badru akivaa kofia yake.

Alasiri mkurugenzi alipiga simu. "Nasikia wamepatana! Hongera. Idara yako imepona. Ni mtumishi gani aliyewasuluhisha?"

"Yule niliyemfukuza asubuhi, mkurugenzi."

"Umemfukuza? Mrudishe leo hiihii!"

Leticia alikichukua kile kitambulisho, akakifungia kwenye droo.

"Hapana," alisema. "Akirudi na kitambulisho, hatuna idara."